Siku moja Mikumi, na swali la babu

Najua nimepotea siku nyingi, testi zilikuwa zimetubana ile mbaya na semina ndio kabisa. Leo nimepata nafasi na nina stori ndefu kidogo, kwa hiyo kama una kipindi saa hii kimbia kwanza, ukirudi utaikuta.

Jumamosi iliyopita tulikwenda Mikumi. Sisi ni mwaka wa pili hapa Chang'ombe, ualimu, na wengi wetu tutakwenda kufundisha historia Mungu akipenda. Wazo lilianzia nje ya geti, kwa mama wa chapati, siku ile bumu lilipoingia (mnajua bumu likiingia kila mtu anakuwa na mawazo makubwa). Mshkaji mmoja akauliza tu, hivi nani hapa amewahi kumwona simba? Kimya. Tulikuwa watu tisa. Mimi nimezaliwa Temeke, nimesoma Temeke, na chuo nimepangiwa Temeke hiyo hiyo. Simba ninayemfahamu ni wa jezi nyekundu, na hata huyo mara nyingi namsikia tu kelele zake usiku kutoka Uwanja wa Mkapa, maana tumepakana nao.

Basi tukachanga, tukakusanya wengine mpaka tukajaza Coaster moja. Pilau likapikwa usiku, likawekwa kwenye hotipoti, saa kumi alfajiri tukaondoka. TAZARA, Buguruni, Ubungo, Kimara, huyo Kibaha. Chalinze watu wakaamka wakanunua mihogo. Kutoka Dar mpaka Mikumi ni kama kilomita 280 na ushee, na ukipita Morogoro mjini milima ya Uluguru inakuwa nyuma yako, nchi inafunguka, unaanza kuona vibao vya kukuambia punguza mwendo kuna wanyama. Barabara kuu inaikata hifadhi katikati kwa karibu kilomita 50. Kuna na kibao chenye orodha ya faini, ukimgonga mnyama huyu unalipa hivi, ukimgonga yule vile. Abiria wa mabasi ya Iringa na Mbeya wanaona twiga bure kila siku dirishani na wala hawastuki, wengine wamelala.

Saa tatu na kitu tukawa getini. Kiingilio cha sisi wa nyumbani ni kidogo ukilinganisha na mgeni anayelipa kwa dola, kwa hiyo hapo hakuna wa kulia. Tukapewa mwongoza watalii, kaka mmoja wa makamo, kofia pana, darubini shingoni, sauti ya upole. Dakika tano hazijapita darasa limeshaanza kumwita "gaidi wetu", eti ndio guide kwa Kiswahili chetu, mpaka mwenyewe akacheka akasema huko mjini msije mkanipigia simu kwa jina hilo nikakamatwa.

Alikaa kiti cha mbele kabisa pembeni ya dereva, ananyoosha mkono, kushoto, kulia, simama, zima injini. Nikamwangalia vile anavyotutangulia nikakumbuka kitu tulichosoma semista ya kwanza, na hapa ndipo historia inapoingia, mnivumilie.

Hili neno safari dunia nzima imetuazima na haijarudisha. Kwetu safari ni safari tu. Ukienda Mbagala kwa shemeji ni safari, ukienda Lindi kuzika ni safari. Wazungu walilizoea karne ya 19 kwenye misafara ya kutoka pwani kwenda bara, wakaliingiza kwenye vitabu vyao. Halafu mwaka 1909 Theodore Roosevelt, ametoka tu kwenye urais wa Marekani, akashuka Mombasa na mwanaye Kermit. Kwa hesabu aliyoiandika mwenyewe wawili hao waliangusha wanyama 512. Ilisomwa Marekani na Ulaya kote, na baada ya hapo safari kwa mzungu ikawa maana yake kwenda Afrika na bunduki. Baadaye bunduki ikawekwa chini ikashikwa kamera, neno likabaki lile lile. Siku hizi ukimwambia mgeni unasafiri kwenda Tandika anadhani kuna tembo.

Sasa kwenye misafara ile ya zamani anayetangulia alikuwa anaitwa kirangozi. Anavaa vazi la kuonekana, anabeba bendera, hakuna mpagazi anayeruhusiwa kumpita. Wanyamwezi ndio walikuwa mafundi wa kazi hii. Na katika watu walioongoza wazungu kwa miguu hakuna aliyetembea kama Sidi Mubarak Bombay. Huyu alikuwa Myao, alikamatwa utumwani akiwa mtoto, akauzwa India, akarudi Unguja mtu mzima. Mwaka 1857 yuko na Burton na Speke mpaka Ziwa Tanganyika. Mwaka 1860 yuko na Speke na Grant kuelekea Nyanza na Mto Nili. Mwaka 1871 yuko na Stanley kumtafuta Livingstone. Mwaka 1873 yuko na Cameron, wanavuka bara mpaka bahari ya upande wa pili. Vitabuni utaambiwa Speke "aligundua", Stanley "alimpata". Bombay alipewa medali ya fedha na Chama cha Kijiografia cha London, akafa mwaka 1885.

Kwa nini namtaja? Kwa sababu mwaka 1871, wakati wa masika, Stanley na Bombay walipita bonde la Mkata. Stanley analalamika kurasa na kurasa jinsi maji na tope la Mkata lilivyowatesa, wapagazi wanaugua, punda wanakufa. Na sisi asubuhi ile tulikuwa tumesimama kwenye uwanda wa Mkata huo huo, kusini kidogo ya njia yao, tumezima injini, tunaangalia nyumbu. Nikamwambia jirani yangu, hapa alipita Bombay. Akanijibu, "Nisogezee pilau."

Sitawadanganya, wanyama tuliwaona. Pundamilia wengi mpaka unawazoea. Swala pala, ngiri wanaokimbia mkia juu kama antena ya redio. Nyati kwa mbali. Viboko kwenye bwawa lao, wananuka balaa. Twiga mmoja alivuka mbele ya gari taratibu, miguu utasema anatembea kwenye mwezi, Coaster nzima ikanyamaza. Na tembo. Jamani tembo. Walikuwa familia, wadogo katikati, wanakula bila kutujali, tunasikia matawi yanavyovunjika. Nilikuwa na miaka 22 nikapiga kelele kama mtoto wa chekechea. Simba ilibidi tumsubiri mpaka mchana, alikuwa amelala chini ya mti, tukaona sikio moja na tumbo. Mshkaji aliyeuliza swali siku ile ya chapati akasema, basi, hata sikio linatosha.

Sasa pale kwenye tembo ndipo kaka yetu alipotuambia maneno ambayo sijayasahau mpaka leo. Alisema kwa fahari kabisa, na ninaamini alisema kwa nia njema: "Ndugu zangu, hii ni nchi ya wanyama. Tangu Mungu aumbe dunia, huku binadamu hakukaa." Wenzangu wakaitikia. Mimi nikanyamaza. Nilikuwa namfikiria babu yangu yuko Tandika.

Babu ni Mngindo wa Liwale. Hakuja Dar kwa kupenda sana, alikuja miaka ya 1950 akiwa kijana kutafuta kazi bandarini, akajenga Tandika wakati ule ni mashamba ya minazi, na mpaka leo yupo, ana mkongojo na redio yake. Temeke imejaa watu wa namna yake, Wangindo, Wamatumbi, Wandengereko, kila mmoja ana kwao kule kusini. Ila kwao babu hakuendeki. Kwao ni porini. Na sio kwa maana ya kwamba ni mbali, hapana. Ni pori la akiba.

Tuanzie mbali kidogo. Mwaka 1896 gavana wa Kijerumani Hermann von Wissmann alitoa sheria ya uwindaji na kutenga hifadhi za kwanza za wanyama katika nchi hii, moja ikiwa upande wa Rufiji. Kuwinda ikawa kwa kibali cha kulipia. Mngindo ambaye alikuwa anajua tembo kuliko anavyojua kaka zake, na ambaye nyama na pembe zilikuwa ndio maisha yake, ghafla akawa jangili. Ongeza kodi, ongeza mashamba ya pamba ya lazima. Julai 1905 vita vya Maji Maji vikaanza Umatumbini, na mwezi uliofuata Wangindo wakaichoma boma ya Liwale. Kwenye mtihani wa kidato cha nne tuliandika Kinjeketile, maji, umoja, kushindwa, tukapata maksi zetu. Lakini tulikuwa tunaishia 1907. Kilichofuata hatukuulizwa.

Kilichofuata ni kwamba Wajerumani walichoma vyakula na mashamba, na njaa ikaua kuliko risasi. Wao wenyewe walikadiria waliokufa ni 75,000. Mwanahistoria wetu Gilbert Gwassa aliyefanya utafiti kwa wazee wenyewe alifika hesabu ya 250,000 hadi 300,000. Watu wakishaisha pori linarudi, na pori likirudi mbung'o wanarudi nalo, na tembo. John Iliffe kwenye kitabu chake cha 1979 kuhusu historia ya Tanganyika anaonyesha kwamba lile pori kubwa la kusini linalosifiwa dunia nzima lilikua juu ya kifo cha watu hawa. Nilipousoma ule mstari wa hoja maktaba nilifunga kitabu nikatoka nje.

Waingereza walipochukua nchi wakaziunganisha hifadhi zile mwaka 1922 wakaziita Selous, jina la Frederick Courteney Selous, mwindaji Mwingereza aliyepigwa risasi na Wajerumani huko Beho Beho tarehe 4 Januari 1917 akiwa na miaka 65. Yaani mahali walipokufa wengi vile pakaitwa jina la mtu mmoja aliyekuja kupigana akiwa mzee. Hapo bado lilikuwa pori la kiasi. Lilikuja kutanuka hasa chini ya Ionides, bwana nyama wa Liwale, ambaye wazee wanamkumbuka kwa jina la Bwana Nyoka maana alikuwa anakamata nyoka kwa mkono. Miaka ya 1940 serikali ikasema kuna malale, watu wanaoishi wametawanyika watakufa, wakusanywe kwenye makazi makubwa. Maelfu ya watu wa Liwale wakahamishwa, na ardhi waliyoiacha ikaingizwa kwenye hifadhi. Malale kweli yalikuwepo, sibishi. Ila Roderick Neumann aliyeichambua habari hii mwaka 2001 anaonyesha kuwa hoja ya ugonjwa na hamu ya kupata pori tupu la tembo zilikuwa zinatembea mguu kwa mguu, na hamu ya kuwatawala watu na kuwatoza kodi kwa urahisi nayo ilikuwemo.

Babu alikuwa mtoto. Anakumbuka upande wa Mto Matandu, anakumbuka wamebebeshwa kuku, anakumbuka nyuma yao moshi. Basi, hayo tu.

Mtaniuliza Mikumi na Selous wapi na wapi. Ni jirani. Mikumi ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1964, uhuru hata miaka mitatu haujatimia, kwa sababu barabara ilikuwa imefunguka na wawindaji kutoka mjini walikuwa wanamaliza wanyama pale Mkata. Mwaka 1975 ikaongezwa ikagusana na Selous. Tembo hajui mpaka, wale tuliowapigia kelele ni wa huku na huku. Wakihesabiwa wanahesabiwa pamoja, na sensa ya 2013 ilikuta 13,084 tu katika Selous na Mikumi yote, wakati miaka ya 1970 walikadiriwa kuzidi 100,000. Ujangili uliwala mpaka mwaka 2014 UNESCO ikaiweka Selous kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Kwa hiyo msije mkanielewa vibaya mkasema huyu anataka hifadhi zifutwe. Sitaki. Mwalimu Nyerere Septemba 1961, kwenye lile Azimio la Arusha la wanyamapori (sio lile la 1967 tunalolikariri), aliwaahidi walimwengu kwamba tutawatunza wanyama hawa, na inasimuliwa kuwa mwenyewe hakuwa mtu wa kupoteza likizo kuangalia mamba, alikuwa anapiga hesabu ya fedha za kigeni. Mwaka 2019 sehemu kubwa ya Selous ikageuzwa hifadhi ya taifa, kilomita za mraba 30,893, ikapewa jina lake. Angalau jina sasa ni la kwetu.

Ila bado kuna kitu. Dada yake babu, tunamwita bibi mdogo, alibaki Liwale. Familia yake ilihamishwa tena miaka ya 1970 kwenye vijiji vya ujamaa. Sasa analima ufuta na korosho, na mwaka juzi tembo walipita shambani kwake usiku mmoja, asubuhi hakuna kitu. Kuna malipo ya serikali yanaitwa kifuta jasho, na mtu akiuawa yanaitwa kifuta machozi. Sijui nani aliyabuni majina hayo lakini alikuwa anakijua Kiswahili. Bibi mdogo alisema kwenye simu, jasho lenyewe nimeshalifuta kwa kanga.

Tulirudi usiku wa manane, vumbi mpaka kwenye masikio. Jumapili mchana nikapanda daladala mpaka Tandika kumwonyesha babu picha kwenye simu. Nilidhani atafurahia simba. Akasema, "Huyu anaumwa?" Nikamwambia amelala, babu. Pundamilia akawapita. Alipofika kwenye tembo akasimama, akaniambia niikuze picha. Hakuwa anaangalia tembo. Alikuwa anaangalia mti nyuma yao.

"Mkwaju huo," akasema. "Kwetu kulikuwa na mkwaju hivyo, na miembe. Miembe ile alipanda baba yangu. Sasa hivi wanakula wao," akaonyesha tembo kwa kidole.

Nikamwambia maneno ya kaka yetu, kwamba huko binadamu hakukaa tangu kuumbwa dunia. Nilitegemea atakasirika. Alicheka mpaka akakohoa, bibi akatoka ndani kuuliza kuna nini. Halafu akauliza, "Mlilipa kuingia?"

"Tulilipa babu."

"Na mimi nikitaka kwenda kumwona mama yangu pale alipozikwa, nitalipa?"

Nikakaa kimya. Nilikuwa sijawahi kujua kwamba mama yake amezikwa kule. Miaka yote hii nalala nyumba hii, nakula hapa, nimeandika insha mbili za Maji Maji na moja ya ukoloni na mazingira, na sijawahi kumuuliza. Nikamwambia labda tuombe kibali, kuna askari wa wanyamapori, kuna ofisi, tutaandika barua. Akasema hajui hata kama atapaona, maana alikuwa hajafika hata miaka kumi, lakini miembe huwa haifi haraka, akiiona miembe atajua kaburi liko upande gani.

Kwa hiyo sasa hivi natafuta ramani. Maktaba wameniambia zipo za zamani za Liwale zenye majina ya vijiji, lakini haziazimwi, unasomea pale pale. Nimeanza jana. Babu ametaja majina manne ya vijito na nimeshakipata kimoja. Barua tumeiandika juzi kwa mkono wangu na sahihi yake ya dole gumba. Na kila nikipiga simu nyumbani anaulizia bumu lijalo linaingia lini. Namwambia babu, hilo hakuna anayejua.